Usiweke kapasita ya kawaida kwenye chaja

Mkuu, umesema chaja uliyobuni inaikwaruza redio ya FM, ukaunganisha kapasita ya kauri ya kV 1 kutoka praimari (upande wa umeme wa ukutani) hadi sekondari (upande wa USB) na kelele ikapungua. Tafadhali itoe leo. Mahali ulipoiweka ni sahihi, kosa ni aina yake. Siku ikifa kwa shoti, umeme wa ukutani unafika kwenye waya wa USB, na waya huo utashikwa na mtoto wa mtu.

Weka ya daraja la Y1, yaani kapasita ya usalama iliyoundwa kuunganisha pande hizo mbili. Alama hiyo huchapwa kwenye mwili wa kapasita, na aina hiyo hupimwa kwa pigo la kV 8. Usiongeze ukubwa wake hovyo: nF (nanofaradi) 2.2 kwenye V 230 na Hz 50 hupitisha kama mA 0.16, na mkondo huo ndio unaoleta msisimko mkononi ambao wateja huulalamikia. Anza na nF 1.

Ila naona tatizo lako hasa liko kwenye mpangilio wa bodi ya saketi. Tazama njia ya mkondo: kapasita kubwa, transfoma, transista, kisha kurudi. Mzunguko huo ukizingira eneo kubwa, hiyo ni antena. Niliwahi kumaliza wiki nzima nikibadilisha vichujio. Niliposogeza kapasita kubwa hadi ubavuni mwa transfoma, redio ilitulia.

Na usafishe mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemu) chini ya transfoma. Pengo la usalama kati ya praimari na sekondari ulilolipima kwenye kompyuta halina maana likijaa uchafu.