Ndoo za kunawia Mwaloni: ziondolewe au zibaki?

Mkuu, umeuliza kama ndoo za kunawia pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ziondolewe, maana WHO ilishatangaza Mei 5, 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena. Barakoa sawa, asiyeumwa aivue. Ndoo ziacheni jamani, kipindupindu bado kipo!

Tatizo ni matunzo. Utelezi wa sangara ukibaki mikononi, klorini (dawa ya kuua vijidudu) iliyo kwenye maji ya ndoo inakosa nguvu, kwa hiyo tangulizeni sabuni na maji ya koki. Sabuni ikikosekana, tia kwenye ndoo mililita 290 za klorini ya maji ya asilimia 3.5, jaza maji safi hadi lita 20, funika, weka kivulini. Kesho yake mwaga, changanya upya. Koki ikivuja, badilisha mpira wake siku hiyohiyo.