Maswali ya Wasomaji: Kwenda Lindisfarne bila kunaswa na maji

SWALI: Tuko Newcastle, tuna gari na watoto wawili. Tunataka kushinda Lindisfarne siku moja, lakini tunaambiwa magari huzama njiani. Ni kweli?

JIBU: Kweli, na si mara moja. Kisiwa hicho cha Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kimeunganishwa na bara kwa barabara ya lami iliyopita juu ya mchanga, na maji huifunika mara mbili kwa siku. Halmashauri ya Northumberland hutoa jedwali la saa salama za kuvuka kwa kila tarehe. Lisomeni kabla hamjapanga chochote. Kwa makadirio, njia hufungwa kama saa mbili kabla ya maji kujaa, ikafunguka saa tatu baada yake: maji yakijaa saa 6 mchana, hakuna kuvuka tangu saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, au upepo ukivuma kwa nguvu kutoka baharini, acheni nafasi zaidi. Na msichanganye: 15:00 ya jedwali ndiyo saa 9 yetu.

Wengi huponzwa na macho. Wakitoka kisiwani huiona lami kavu, wakasonga, kumbe mkondo wa upande wa bara, penye daraja, umeshajaa. Injini ikinywa maji ya chumvi, gari limekwisha. Liacheni, pandeni kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo hapo darajani, pigeni 999, namba ya dharura, mwombe walinzi wa pwani.

SWALI: Na kwa miguu, kama mahujaji?

JIBU: Inawezekana. Njia yao ina nguzo ndefu za kuwaongoza, kama kilomita 5 za mchanga na tope. Saa za magari si zenu: anzeni maji yakiwa yanakupwa, mfike kabla hayajaanza kurudi. Kukiwa na ukungu, msithubutu. Watoto wadogo tungewapeleka kwa gari.

SWALI: Kile kitabu maarufu cha Injili za Lindisfarne, kilichoandikwa kwa mkono zamani, kiko huko?

JIBU: Hapana, kinatunzwa British Library, London. Kisiwani mtakuta magofu ya monasteri. Mtawa Aidan alianzisha ya kwanza mwaka 635, Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wakaivamia mwaka 793. Lakini kuta mtakazopiga picha, pamoja na ule upinde mwembamba wa jiwe uliobaki ukining'inia hewani, ni za monasteri iliyojengwa baadaye, karne ya 12.