Mbwa anayejikuna: usimbadilishie chakula kila wiki

Pole sana, wewe na mbwa wako. Umesema anajilamba nyayo mpaka manyoya yamekuwa na rangi ya kutu, masikio yananuka, na umeshambadilishia chakula mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Hapo ndipo ulipokosea, maana ngozi haiponi kwa kasi hiyo.

Kwanza hakikisha si viroboto. Mchane mgongoni karibu na mkia, ukung'ute chanuo juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vipunje vyeusi vikiacha madoa mekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto. Mpe dawa ya viroboto hata usipowaona. Masikio hayo ayaone daktari wa mifugo, kwani bakteria na fangasi huwasha vyenyewe na hakuna chakula kitakachovitibu.

Kisha, ili kujua kama chakula ndicho kinachomwasha, chagua nyama moja ambayo hajawahi kula, labda sungura, pamoja na wanga wa aina moja, au chakula maalumu ambacho protini yake imevunjwavunjwa. Mpe hicho tu kwa wiki 8. Nasisitiza hicho tu: hata kidonge chenye ladha ya nyama, au kipande cha mkate alichodondosha mtoto, kinaweza kuharibu jaribio zima. Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani; mwasho ukirudi ndani ya wiki 2, jibu umelipata: ni chakula. Vipimo vya damu vya mzio wa chakula usivitegemee, vinadanganya mno. Kama bado anakua, mwombe daktari akupangie mlo.