Wadogo zangu mnaotaka kuingia mashindano ya kula

Karibu kila anayenijia huanza na swali moja: tumbo nalitanuaje? Wadogo zangu, hilo liacheni kwanza. Nimeshindana miaka sita kwenye sherehe za miji midogo ya New Jersey na Pennsylvania, hotidogi (soseji ndani ya mkate), mabawa ya kuku, pai, na kilichoniangusha mwanzoni ni taya.

Siku ya kwanza nilikwenda na njaa tangu jana yake, nikidhani njaa ndiyo silaha. Hotidogi ya tano, taya likaanza kuwaka chini ya sikio. Ya nane, mate yamekauka, mkate umeganda kooni kama udongo. Pembeni yangu binti mmoja mwembamba alikuwa akivunja soseji vipande viwili, anaimeza, kisha anachovya mkate kwenye maji ya uvuguvugu, anaukamua kidogo na kuusukuma kinywani. Aliniacha mbali sana.

Mbinu hiyo ilijulikana kupitia Takeru Kobayashi wa Japani. Tarehe 4 Julai 2001, kwenye shindano la hotidogi la Coney Island, New York, kijana huyo wa miaka 23 alikula hotidogi 50 kwa dakika 12, wakati rekodi ilikuwa 25 na kidogo. Vibao vya namba viliwaishia waamuzi, ikabidi waandike kwa mkono. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko wa wengi pale mezani. Alichowazidi ni kufikiria kila tendo: kuvunja, kuchovya, kumeza, kutikisa kiwiliwili chakula kishuke. Anzeni hapo. Chukua hotidogi mbili tu, saa mkononi, na rudia mpaka mikono ijue kazi bila kuelekezwa. Usivute pumzi kinywa kikiwa kimejaa, na usicheke na mtu. Kupaliwa huchukua sekunde moja.

Sasa suala la maji. Watakuambia unywe galoni nzima kwa mkupuo ili tumbo litanuke. Nilifanya hivyo usiku mmoja, peke yangu jikoni. Kichwa kiligonga, vidole vikatetemeka, nikashindwa kufungua kitasa cha mlango wangu mwenyewe. Nilipona kwa bahati. Januari 2007, huko Sacramento, mama mmoja alifariki baada ya shindano la redio la kunywa maji, kwa sababu maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na ubongo huvimba. Msifanye. Hata mazoezi ya chakula, pawe na mtu wa pili chumbani anayejua huduma ya kwanza.

Fedha ni kidogo. Bingwa wa Coney Island hupata dola 10,000, na wanaoishi kwa kazi hii, kama Joey Chestnut aliyekula hotidogi 76 kwa dakika 10 mwaka 2021, ni wachache mno. Zawadi yangu kubwa ilikuwa dola 300. Nauli na hoteli zilimaliza zaidi ya nusu.

Lakini linalonikosesha usingizi juu yenu ni jingine. Mwaka 2007 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walimpiga picha za eksirei mshindani mmoja akila. Tumbo lake lilitanuka kama mfuko uliolegea, halikujikaza kama la mtu wa kawaida, na baada ya hotidogi 36 bado hakusikia shibe. Kobayashi naye amesema hadharani kwamba hasikii tena njaa. Ndicho tunachokifundisha mwili: kunyamaza pale unapotakiwa kusema basi.

Kwa hiyo weka daftari karibu na kitanda. Kila asubuhi, kabla ya chai, andika neno moja: nasikia, au sisikii. Agosti ya mwaka wangu wa sita niliandika "sisikii" siku nne mfululizo. Nikafuta jina langu kwenye shindano la Septemba. Njaa ilirudi wiki ya tatu, asubuhi, nikiwa nakaanga vitunguu, nikazima jiko nikakaa chini kulia.