Digrii ya mtandaoni itafika Kanada? Jibu langu

Wadogo zangu, mnauliza kama digrii ya mtandaoni inakubalika Kanada au mpaka mtu awe amekaa darasani. Wakati huohuo kuna mtu anawauzia shahada ya miezi mitatu, eti ukiwa nayo viza ni yako. Hilo linaniuma, maana ada hiyo inatoka kwenye kiwanja cha mama.

Anayepima cheti huku Kanada niliko hajali ulisomea chumbani au ukumbini. Anataka kujua chuo kina ithibati ya serikali ya nchi yake, na kama chuo chenyewe kinathibitisha matokeo yako. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo kwa sheria ya mwaka 1992, na shahada yake ni shahada. Chuo Kikuu cha London kinatahini watu wa mbali tangu 1858. Lakini chuo kinachokupa digrii kwa “uzoefu wa maisha”, bila mtihani, kikajitungia na bodi yake ya ithibati, kikimbieni. Kampuni ya Axact ya Pakistan ilianikwa mwaka 2015 kwa biashara hiyohiyo. Kabla ya kulipa hata shilingi, ulizeni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mlioko Kenya, ulizeni CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya huko.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo watu wanapolia. Kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuomba ukaazi wa kudumu kwa alama, shahada ya kwanza iliyopimwa humpa asiye na mwenza alama 120. Isipotambuliwa unabaki na sekondari, alama 30. Ukipimiwa na WES, mojawapo ya taasisi zinazopima vyeti vya nje, unafungua akaunti, unalipa, unapewa namba ya kumbukumbu. Namba hiyo ipeleke kwa msajili wa chuo, ili chuo chenyewe kitume transkripti, yaani orodha ya masomo na matokeo yako, kwa njia ya kielektroniki au kwa bahasha iliyogongwa muhuri pale inapofungwa. Bahasha ikishafunguliwa njiani, haipokelewi. Aliyesoma chuo cha mbali anateseka zaidi: hana dirisha la kwenda kusimama asubuhi, ana barua pepe tu. Kwa hiyo mjueni msajili mapema. Angalieni na majina: cheti kikiandika “Asha J.” na pasi “Asha Jumanne”, tafuteni hati ya kiapo kabla hamjaanza. Msikimbilie kupima mapema mno pia, tathmini hudumu miaka 5 tu.

Basi someni mtandaoni, msione haya. Ila wewe unayetaka unesi, hapana! Baraza la wauguzi la mkoa litataka saa zako za wodini, na hizo hazipatikani kwenye simu.

Wala kusoma chuo cha Kanada kwa mtandao ukiwa Dodoma si njia ya mkato. Alama za nyongeza za elimu ya Kanada, 15 au 30, zinamtaka aliyekaa huku akisoma angalau miezi 8. Kibali cha kazi baada ya masomo nacho hakimhusu aliyesomea nyumbani.

Na ya darasani isiwape kiburi. Wenye digrii za Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapo huku wanabeba boksi, kwa sababu alama ni za uhamiaji, mwajiri anauliza umefanya kazi wapi. Hata hivyo njooni na shahada, msije mikono mitupu.

Mwenye deni la ada alimalize sasa. Vyuo vingi havitoi transkripti kwa anayedaiwa.