Mfanyakazi amekosea bila kukusudia: mimi nisingemfukuza

Mkuu, unasema mfanyakazi wako aliandika bei isiyo sahihi kwenye mkataba wa mteja, hasara imeingia, na sasa unafikiria kumwachisha kazi ingawa huna shaka kwamba hakukusudia. Nakusihi usifanye hivyo. Nimesimamia kitengo cha malipo kwa miaka mingi na najua kinachofuata.

Kijana mmoja pale kitengoni alilipa ankara moja mara mbili. Aligundua mwenyewe jioni ileile, akaja kuniambia kabla hata ya mtu mwingine kujua. Tukawahi benki, fedha yote ikarudi. Bosi hakutaka kusikia. Kesho yake kijana akapewa barua ya kuachishwa kazi ili wengine wajifunze. Walichojifunza ni kunyamaza. Makosa hayakukoma, ila tukawa tunayakuta wakati wa ukaguzi, miezi imepita, fedha haipatikani tena. Ule mfumo uliokubali ankara moja iingizwe mara mbili hakuna aliyeugusa, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu yeyote ambaye angekaa kwenye kiti kile angeweza kukosea palepale.

Wenzetu wa usafiri wa anga waliliona hili zamani. Marekani ina utaratibu wa kuripoti uitwao ASRS, ulioanza 1976. Rubani akivunja kanuni bila kukusudia, pasipo jinai wala ajali, akaripoti ndani ya siku 10, kwa kawaida mamlaka ya anga haimpi adhabu. Na ripoti haipelekwi kwa mamlaka hiyo, inapokelewa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ambao huondoa majina. Kama kazi inayobeba roho za watu inaendeshwa hivyo, sisi wa ankara na mikataba tunashindwaje?

Angalia pia GitLab, kampuni ya programu. Januari 2017 mhandisi wao alifuta data za mfumo uliokuwa ukitumiwa na wateja. Walipochunguza wakakuta njia zao za kuhifadhi nakala hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Wangemfukuza yule mhandisi, nakala zingerudi?

Sisemi kila mtu asamehewe. Anayeficha, anayeghushi, au anayeruka hatua ya usalama huku akijua, huyo simtetei. Hata hivyo naye asikilizwe kwanza. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1982 unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake.

Kwa huyo wako, uliza kwanza nani alipaswa kuhakiki bei kabla mkataba haujasainiwa. Kama hakuna, pengo ni la ofisi. Mwache aendelee na kazi, na yeye mwenyewe akae na mtu wa mauzo waandike hatua za uhakiki, maana ndiye anayejua bei ile ilipenya wapi.