Re: Kukopi diski ya VM ndani ya storeji bila kuizima, naomba msaada wakuu

Mkuu, kama nimekuelewa una hosti mbili za ESXi (seva za VMware zinazoendesha VM, yaani kompyuta za kiprogramu) zinachangia storeji moja, kuna VM ya mahesabu ya ofisi ina diski ya 400 GB, unataka kopi yake kwenye LUN nyingine (kipande kingine cha storeji) bila kuizima, ukijaribu kwa brausa ya datastoo (pale mafaili ya VM yanapokaa) inakugomea inasema faili limefungwa. Halafu mdau hapo juu kakwambia ingia kwenye hosti kwa SSH upige cp, komandi ya kawaida ya kukopi faili, yaishe. Aisee usifanye hivyo.

Huko kugoma ni kwa faida yako. VMFS, yaani mfumo wa mafaili wa ESXi, inaweka kufuli kwenye diski ya VM inayowaka ili hosti ya pili isije ikaandika juu yake. Na hata kama ungepata njia ya kuipita hiyo kufuli, unakopi kitu ambacho kinabadilika huku unakisoma, mwanzo wa faili ni wa saa nne asubuhi na mwisho wake ni wa saa tano, database ya mahesabu haiwezi kukuelewa hapo.

Kabla ya yote ingia kwenye folda ya hiyo VM upige ls -lh (orodha ya mafaili na ukubwa wake) uangalie vizuri. Brausa inakuonyesha kama diski ni faili moja ila chini yake ziko mbili: mahesabu.vmdk ambayo ni maandishi tu, haifiki hata KB 1, na mahesabu-flat.vmdk ambayo ndiyo data yenyewe. Sasa ukiona na mahesabu-000001.vmdk pamoja na mwenzake anayeishia na -sesparse au -delta, ujue kuna snapshoti (alama ya hali ya diski ya kuweza kuirudia), na kila kilichoandikwa tangu siku ilipopigwa kiko huko, flat haijaguswa tena. Kuna duka la jumla Kariakoo niliitwa, fundi aliyetangulia alikopi mbili za mwanzo akaziacha hizo zingine, VM ikawaka vizuri kabisa kwenye seva mpya, login inakubali, ripoti zinatoka, ila ankara zinaishia Machi na sisi tuko Agosti. Kumbe mtu alipiga snapshoti kabla ya kuapdeti programu akaisahau. Bahati ya mzee wa pale ni kwamba ya zamani ilikuwa haijafutwa, tukairudia.

Kwa hiyo kifaa cha kazi hii ni vmkfstools, komandi ya ESXi ya kushughulikia diski za VM, sio cp. Unaielekeza kwenye ile faili ndogo ya maandishi, sio flat:

vmkfstools -i mahesabu-000001.vmdk /vmfs/volumes/LUN-mpya/mahesabu/mahesabu.vmdk -d thin

Ukimpa wa mwisho kwenye mnyororo (diski ya mwanzo na snapshoti zilizofuata) anausoma mnyororo mzima mpaka kwa mama, yaani diski ya mwanzo, anakutolea diski moja iliyokamilika, na hiyo -d thin inakusaidia isichukue nafasi yote 400 GB kama ndani umetumia 150. Cp haijui hayo, inakopi na masifuri yote ya sehemu tupu, unashangaa datastoo imejaa. Folda ya kupokelea itengeneze kwanza.

Kwa VM inayowaka, piga snapshoti mpya kwanza. Hapo maandishi yote mapya yanahamia faili jipya, la nyuma yake linatulia, na ndilo unalolikopi. Yaani kama sasa hivi ya mwisho ni 000001, ukipiga nyingine inazaliwa 000002, wewe kopi 000001. Kwenye kupiga usichague kuhifadhi memori, chagua ile ya kutuliza mfumo wa mafaili, VMware Tools (programu ndogo za VMware ndani ya VM) iwe imewekwa. Na kwa mahesabu mimi naongezea bakapu ya database yenyewe pembeni, hiyo sina mjadala nayo. Ukimaliza futa snapshoti uliyopiga, ila uifute kwa menyu ya VMware, usije ukafuta faili kwa rm, komandi ya kufuta.

Spidi: kama LUN zote mbili ziko storeji ileile na inasapoti VAAI (uwezo wa storeji kufanya kazi ya kukopi yenyewe), hosti inaiambia tu storeji toa hapa weka pale, data haipiti kwenye netiweki. Angalia kwa esxcli storage core device vaai status get, mbele ya Clone Status iwe supported. Lakini VM ikiwa na snapshoti hiyo njia ya mkato haitumiki, data inapita kwa hosti, na kwa laini ya 1 Gbps hiyo 400 GB hesabu karibu saa nzima hata mambo yakienda vizuri. Ndio maana napenda kuizima usiku, nisafishe snapshoti zote, ndio nikopi. Muombe bosi ruhusa ya saa mbili Jumapili, wengi wanakubali ukiwaeleza vizuri, na hakikisha jenereta ina mafuta maana umeme wa mjini mnaujua.

Kuna mwingine kasema piga snapshoti ya storeji yenyewe, sekunde tu kwisha. Ni sekunde kwa sababu hakuna kilichokopiwa, inatumia bloki zilezile za LUN mama, kundi la diski likifa vinaondoka vyote viwili. Nzuri kwa kurudi nyuma haraka, ila usiiite bakapu. Na ukiionyesha hiyo LUN kwa hosti zilezile itakuwa na sahihi sawa na ya mama, hapo chagua resignature (kuipa sahihi mpya), usilazimishe kuimaunti hivyo hivyo. Itakuja na jina linaloanza na snap-, usishtuke.

Kopi ikiisha iwashe kama VM mpya lakini ile kadi ya netiweki itoe tiki ya connected kwanza, la sivyo IP mbili zinagongana ofisi nzima inakupigia simu. Fungua programu ya mahesabu, tafuta ankara ya mwisho iliyoingizwa kabla hujakopi. Ukiiona ndio uanze kufikiria kugusa ya zamani.

Weka hapa matokeo ya ls -lh ya hiyo folda mkuu, na aina ya storeji, nikuandikie komandi zenyewe kwa majina yako.